Mkwaruzo wa Adelina

Mabawe, Alhamisi. Mvua ilikatika asubuhi lakini mawingu hayajaondoka. Moyo wangu nao haujatulia.

Kosa ambalo watu wengi hufanya wanapomsikia mwimbaji wa injili sauti imemkwaruza ni kudhani kwamba aliyemkwaruza ni Roho. Wanapiga makofi, wanalia, wanaambiana, "Huyu ana upako." Mimi nimefundisha watu kuimba karibu maisha yangu yote, shuleni na kwenye kwaya ya parokia. Ninachosikia ni koo linaloumia.

Nieleze kidogo, maana kueleza ndiyo kazi niliyozeeka nayo. Ndani ya koo kuna mikunjo miwili midogo ya nyama. Tukipumua, hufunguka. Tukisema au kuimba, husogeleana na kutetemeka, na mtetemo huo ndio sauti. Sasa mfikirie mtu ambaye hajazoea jembe akilima kutwa nzima. Kwanza kiganja kinawaka, halafu yanakuja malengelenge, na akiendelea hivyo msimu mzima anaota sugu. Koo nalo huota sugu. Tofauti ni kwamba sugu ya kiganja humsaidia mkulima, lakini sugu ya koo huizuia ile mikunjo isifungane. Hewa inavuja katikati. Sauti inakatika, inakwaruza.

Na hapo inapokatika ndipo watu wanapotoa leso.

Adelina ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, naye anaishi hapa kwangu. Ndiye mwimbaji mkuu wa bendi ya Umande. Walianza vijana wachache tu: magitaa mawili, ngoma, kinanda, na yeye. Kinanda kinapigwa na Baraka, kiongozi wao, mtoto wa mchungaji kule Biharamulo. Alimsikia Adelina akiimba kwenye harusi, akaja hapa nyumbani kuniomba ruhusa kwa heshima zote, kama mtu anayeleta posa. Mzee mwenzangu wa parokia aliniuliza kama nimemwozesha mjukuu kwa walokole. Nikamwambia hapana, nimewaazima tu, na kwamba Mungu wa gitaa ni yuleyule wa kinanda cha kanisani.

Mwanzoni Umande ilikuwa bendi ya harusi na kipaimara. Kilichoibadilisha ni mkutano wa injili Murusagamba. Jenereta iliharibika siku ya kwanza. Siku zilizofuata Adelina aliimba bila kipaza sauti, mvua ikipiga bati, watu wakiwa wamejaa hadi nje. Siku ya mwisho, katikati ya ule wimbo wao wa kuvuka mto, sauti ilimkatika. Hakuacha. Aliendelea kuimba na kile kilichobaki, na mtu mmoja akamrekodi kwa simu.

Tangu hapo wimbo huo uko kwa bodaboda, uko saluni, uko sokoni. Nimewasikia wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka wa Burundi wakiuimba na maneno nusu. Umande wakaenda kuurekodi upya studio, Adelina akiwa na sauti yake nzuri, safi kama maji ya chemchemi. Watu wakausikiliza wakasema, "Huu siyo wenyewe. Tunataka ule wa Murusagamba."

Hapo ndipo tatizo lilipoanza, nami sikuliona. Nilikuwa nafurahia. Sokoni nilizoea kuitwa Mwalimu. Siku hizi naitwa Babu yake Adelina, na vijana wananipisha kwenye benchi.

Jumamosi iliyopita walikuwa na tamasha Bisibo, kwenye uwanja wa shule, nami nilipanda gari lao kwenda kuwasikiliza. Kabla hawajaanza niliondoka kwenda kutafuta choo. Nyuma ya madarasa nikasikia mtu anapiga mayowe, lakini mayowe yaliyofungwafungwa, kama ya mtu aliyezibwa mdomo. Nikakimbia, kama mbio za mzee zinaweza kuitwa kukimbia. Nikamkuta Adelina peke yake, ameinama, amezika uso kwenye kitenge kilichokunjwa, anapiga kelele kwa nguvu zake zote.

"Nani amekupiga?"

Aliinua uso, akacheka. "Mume wangu, umenifuata mpaka huku? Hakuna aliyenipiga. Napasha."

"Unapasha nini?"

"Mkwaruzo. Siku hizi hauji wenyewe, mpaka niupigie kelele kidogo."

Mjukuu wa kike kumwita babu yake mume ni utani wa kawaida kwetu, na siku nyingine ningemjibu kwamba mke anayepiga mayowe hurudishwa kwao. Siku hiyo nilisikiliza koo lake. Lile cheko lake lilikuwa na hewa nyingi kuliko sauti.

Jumatatu nilimpeleka hospitali Ngara mjini. Nilimwambia kama hataki nitakwenda peke yangu nimwambie daktari kwamba koo ni langu. Bahati ilikuwa yetu, daktari wa koo alikuwa amekuja. Alimwingiza kioo kidogo chenye mpini, akamwambia atoe sauti, akatazama sana. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye mzee.

"Ana sugu ndogo pande zote mbili, mzee wangu. Bado ni laini. Akinyamaza wiki kadhaa, zinaweza kuisha. Akiendelea hivi zitakuwa ngumu, tutafikia kwenye kisu, na baada ya kisu siwezi kukuahidi sauti."

"Kunyamaza namna gani?" niliuliza.

"Kunyamaza kabisa. Asiimbe, asiite mtu, asinong'one."

Watu hushangaa hilo la kunong'ona. Hudhani ni kupumzisha koo, kumbe koo linaweza kujikaza zaidi kwa kunong'ona kuliko kwa kusema polepole. Na hao wanaomletea mayai mabichi na tangawizi, Mungu awabariki kwa upendo wao, lakini chakula kina njia yake na hewa ina njia yake. Yai halipiti kwenye sauti.

Tulipokuwa tunasubiri gari la kurudi, Adelina alilia. Halafu akajifuta, akaniambia kitu ambacho nimekibeba tangu siku ile.

"Babu, sauti safi wanayo wengi. Kila kigango kina Adelina wake. Huu mkwaruzo ndio ulionitoa."

 

Akaniomba nisimwambie Baraka. Jumapili hii, siku tatu kutoka leo, Umande wanaimba Biharamulo mjini, na kuna watu wanatoka Mwanza kuja kuwatazama. Wakiwapenda, watawachukua, watawarekodi, watawapeleka kwenye majukwaa ambayo sisi huku huyaona kwenye simu tu. "Baada ya Jumapili nitanyamaza hata mwaka," alisema. Sikukubali, lakini sikukataa pia. Nilinyamaza, naye akahesabu ukimya wangu kuwa ahadi.

Siku tatu sasa, nikimsikia anakohoa chumbani, nasimamisha pumzi yangu mpaka amalize.

Leo asubuhi Baraka alikuja na pikipiki, viatu vyote tope.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mchungaji mtarajiwa."

"Mchungaji ni baba. Mimi nabonyeza kinanda tu."

"Kinanda nacho kina kondoo wake. Karibu."

Nampenda kijana huyu, niseme ukweli, na hilo ndilo linalofanya jambo hili liwe gumu. Alikaa, akanieleza mipango yake ya Jumapili huku mikono ikicheza hewani kana kwamba kinanda kiko mbele yake. Wimbo wa mto ameuweka mwisho. Watarudia kiitikio, kila mara juu zaidi, mpaka sauti ya Adelina ivunjike yenyewe. "Pale inapokatika, Babu, hata wanaume wazima wanalia. Hao wa Mwanza hawatatoka pale walivyoingia."

Adelina alikuwa amesimama mlangoni, nyuma yake. Alinitazama, akatikisa kichwa polepole. Usiseme.

"Mungu awatangulie," nilisema.

Baraka akashukuru, akawasha pikipiki, akaenda. Nikabaki nimekaa na ile sentensi yangu. Ni sentensi nzuri, hata kanisani inafaa. Mimi niliitumia kujificha.

Mchana niliingia ndani kusoma. Nje tulikuwa tumeanika muhogo kwenye mkeka, tukitumaini kajua kadogo. Nikainua macho nikamwona Adelina kupitia dirishani, ananitazama, mdomo wazi, mikono inapunga. Nikadhani ananitania. Akafungua mdomo tena, mpana, na mishipa ya shingo ikamtoka.

Hakuna kilichosikika.

Kumbe mvua ilikuwa imeanza, naye alikuwa ananiita tuondoe muhogo. Aliita mara ya tatu. Niliona umbo la neno "Babu" mdomoni mwake, nikaona pumzi ikitoka, na basi. Kisha akashika koo lake kwa mikono miwili na uso ukabadilika. Nilitoka mbio. Tulisimama pale uani tukilowa, muhogo ukilowa, hakuna aliyekumbuka mkeka.

Ndani, akiwa amejifunika khanga kavu, alichukua simu yake, akaandika, akanipa nisome: Mwambie wewe. Mimi nikimwambia atanibembeleza nami nitakubali.

Nilimpigia Baraka palepale, kabla ujasiri haujanitoka. Alikuwa ameshafika kwa wenzake mazoezini. Nilisikia mtu anakaza nyuzi za gitaa. Nilimwambia yote: kitenge, kioo cha daktari, sugu, na ukimya wa leo mchana. 

"Hata ule mmoja, Babu?" aliuliza mwishowe.

"Hata mstari mmoja."

"Watu wa Mwanza wanakuja kwa ajili ya ule mmoja."

"Najua."

Yule wa gitaa aliacha kukaza nyuzi.

"Mimi ndiye ninayemwambia akwaruze," Baraka alisema. "Yeye mwanzoni hakutaka."

"Sijakuuliza hilo, mwanangu."

"Najisemea tu. Nipe mpaka jioni nizungumze na wenzangu."

Sasa ni jioni, na simu haijalia.

Nimekaa nayo mezani, nimeigeuza uso juu, na kila mara naibonyeza kuona kama mtandao upo. Upo. Najiuliza wanasemezana nini. Nafikiri watatafuta mwimbaji mwingine. Wapo mabinti wanaoujua wimbo ule neno kwa neno, na kukwaruza kunafundishika, Mungu anisamehe kwa kusema hivyo. Au watakuja hapa wote na pikipiki zao, wakae uani, wambembeleze yeye mbele yangu. Au watawaambia wale wageni wasije, na wageni hawatakuja tena. Bendi huinuka kwa upepo mmoja, na sijui kama upepo hurudi kuuliza nani hakuwepo.

Halafu kuna hofu nyingine ambayo sijamwambia mtu. Tuseme apone. Tuseme asimame jukwaani mwakani na sauti yake safi, ile niliyomfundisha mwenyewe, na watu wamsikilize kwa adabu kisha waendelee na mazungumzo yao. Je, atanishukuru? Mimi mwenyewe nilipousikia ule wimbo wa Murusagamba kwa mara ya kwanza, nikiwa najua vizuri kabisa kinachotokea kooni mwake, nililia. Siwezi kuwacheka waliolia.

Lakini nimewahi pia kumsikia mtoto huyu akiimba zaburi Jumapili ya kawaida, bila kipaza sauti, hewa haivuji hata kidogo, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasahau kukaa. Mtu mmoja aliyesahau kukaa siyo tamasha. Sijui kama inatosha kwa binti wa umri wake. Kwangu ilitosha.

Yuko jikoni sasa, anamenya ndizi. Namsikia. Katika kila ndizi mbili tatu anasimama, na kupitia ukutani inanifikia "aa" ndogo, nyembamba, yenye hewa. Anajaribu kama sauti imerudi. Ni kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi. Anajua asiguse, na anagusa. Nimegonga ukuta. Ameacha. Ameanza tena.

Maandishi haya mimi huyaandika, lakini kuyaweka mtandaoni ni kazi ya Adelina, kwa hiyo atayasoma kabla yenu. Akitaka kuyafuta yote, ayafute. Koo ni lake, na habari ni yake. Kama mnasoma, basi ameruhusu.

Na wewe, mke wangu, ukifika hapa: Jumapili sijui itakujaje, wala usiniulize. Baraka akipiga, nitapokea mimi. Wewe leo nyamaza. Hata hiyo "aa" ya kujaribia, iache.