Nilimchorea Binti Yangu Saa ya Kinyumenyume

Mpendwa mshauri, najua umechoka na barua za wanaolia mapenzi, mimi nakuletea ya uzee, naomba msaada. Mimi ni fundi saa, shule niliiacha darasa la nne, au yenyewe iliniacha, lakini kichwa changu ni kizima, na hapo ndipo penye balaa. Binti yangu wa mwisho anasomea chuo kikuu mambo ya akili za wazee, akanijia na tableti yake, "Baba, nichoree saa kwa kidole, mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi." Mimi huyu, niliyezeekea ndani ya saa za watu, naambiwa nichore saa kama mtoto wa chekechea. Nikamuuliza, "Mama, hii ni bei ya fundi au bei ya mgonjwa?" Hakucheka. Basi nikamchorea namba zinazorudi nyuma, na mishale mitatu, nikingoja acheke, nikaona anafuta macho huku anaandika, nami badala ya kukoma nikanogewa, kwa miezi kadhaa kila alipokuja na maswali nikazidisha, hata mjukuu wangu nikamtaja kwa jina la paka.

Sasa kazi yake ya chuo imepita kwa alama za juu, saa yangu imemulikwa ukutani mbele ya maprofesa, eti mfano wa akili inayozimika. Kaka zake nao wameisoma, wamechukua ufunguo wa kibanda changu cha kutengenezea saa wakisema nitameza betri, na Jumamosi wanamleta mtu wa kununua vifaa vyangu. Nikisema nilikuwa natania, mkubwa ananishika bega, "Sawa baba, ulikuwa unatania," kisha wanatazamana. Nikithibitisha kwamba mimi ni mzima naiangusha shahada ya mwanangu, nikinyamaza kibanda kinakwenda. Nifanyeje?

Punguani Mwenye Cheti

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Pole, na ya pili sikupi. Ulimwona mwanao analia ukaongeza chumvi, halafu unaniambia utani? Ulichukia kuulizwa, ukalipiza. Binti naye ana lake: amesomea akili za wazee wote, ya baba yake aliyemlea kwa mizaha hakuisoma.

Mwite leo, usingoje Ijumaa, na umwite peke yake. Mweleze yote bila kichekesho hata kimoja, najua ulimi utakuwasha. Kisha akupeleke kwa daktari asiyekujua, upimwe upya, yeye akiwa amekaa pembeni anaona. Majibu ya daktari ndiyo yatakayorudisha ufunguo kabla ya Jumamosi. Maneno yako umeshayamaliza thamani mwenyewe.

Ya chuoni mwachie. Kwenda kwa mwalimu wake kusema kipimo kiliharibika, au kukaa nalo rohoni, ni uamuzi wake. Usimwombe anyamaze, wala usijifanye unamlinda.

Huenda asikusemeshe mwaka mzima. Kaa kimya uvumilie. Miezi yote hiyo amekulilia nawe mzima umekaa mbele yake, na machozi hayo huna cha kumrudishia.