Nani Atapiga Picha na Mtungi?

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini hujambo, goti limepoa, na wajukuu wanakusikiliza. Mimi sijambo ya kujikaza. Daktari hanipangii tena siku ya kurudi. Nakuandikia wakati mkono ungali unashika kalamu. Kuna jambo nimekuficha miaka kumi na tisa. Linahusu kufukuzwa kwako kazi ya uuguzi, na sitaki kuzikwa nalo.

Nimelazwa wodi ya wanaume. Jana redio ya jirani yangu ilitangaza kwamba bajeti ya afya imepanda tena, haijawahi kuwa kubwa hivi. Muuguzi aliyekuwa akinitafutia mshipa akasema labda imepanda mpaka ikatoboa paa, maana huku chini hata glavu hazijafika. Wodi nzima ilicheka. Mwanangu hakuwepo; alikuwa nje ya geti akininunulia sindano. Mimi niligeukia ukuta.

Maana maneno yale ya redioni, enzi zetu, niliyaandika mimi. Unajua nilikuwa mpanga bajeti wizarani, lakini hujui tulivyofanya kazi. Fedha isiyotumika kabla ya mwaka wa fedha kufungwa ilirudi hazina, na mwaka uliofuata tungepewa pungufu. Basi wiki mbili za mwisho tulinunua chochote kikubwa kilichokuwa karibu, mradi matumizi yapande. Waziri wetu, ambaye sisi wa ofisini tulimwita Bwana Mkasi kwa kupenda kukata utepe, alitaka kitu cha kuonekana jimboni kwake. Ndipo mkaletewa ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, wakati umeme wa kituo chenu haukutosha hata kuchemshia vifaa. Ikapewa wodi ya watoto. Watoto wakahamishiwa barazani.

Siku ya ufunguzi nilikuwepo. Iliunganishwa na jenereta ya kukodi, taa zake zikawaka, tukapiga makofi, kisha jenereta ikaondoka na msafara. Ulinivuta pembeni ukaniuliza: kaka, mtoto akikosa pumzi nimpige picha? Nikakuambia uwe na subira.

Mitungi ya oksijeni uliyoitaka ilikuwamo kwenye orodha ya mwaka ule. Nilimkumbusha Bwana Mkasi kikaoni, mara moja tu. Akanigonga bega, akaniuliza, mzee wa hesabu, nani atapiga picha na mtungi? Watu wakavunjika mbavu. Nami nilicheka, tena kuwashinda wote, kwa sababu kiti cha mkurugenzi kilikuwa wazi na nilikuwa nakitolea udenda. Nikaufuta ule mstari kwa kalamu yangu.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Mtoto wa seremala, wa miaka mitatu, alikata roho barazani mikononi mwako. Wachunguzi wakaandika kwamba muuguzi mkuu alizembea, hakuomba oksijeni. Ulilia kwamba uliandika barua tatu wizarani, lakini hukuwa na nakala hata moja, kwa kuwa kituo hakikuwa na karatasi za ziada. Ukafukuzwa. Sokoni wakakuita muuaji. Ukaanza kushona sare za shule kwa cherehani ya kuazima, wewe uliyezalisha nusu ya wale watoto waliozivaa. Ulipokuja kwangu nilikuambia posta imeoza, ikaacha barua zipotee. Nikakupa nauli ya kurudi, nawe ukanishukuru, ukaniita baba wa pili.

Siombi msamaha, hata mimi ningejinyima. Ila barua hii mpelekee wakili, na kabla yake mpelekee seremala aisome. Kila ukurasa nimetia sahihi, na muuguzi wa hapa ameshuhudia. Nisalimie shemeji na watoto wote. Kama una hasira, usiisubiri ipoe ndipo uje. Njoo nayo, na uje mapema.

Ni mimi kaka yako, niliyezipokea barua zako zote tatu, nikazigonga muhuri kwa mkono wangu, na wachunguzi waliponiuliza kama ziliwahi kufika, nikawatazama usoni nikasema hapana, hakuna kilichofika.