Pipa Letu Halina Sumu

Mama,

Natangaza rasmi: pipa letu halina sumu. Jana nilimtania mdogo wangu Kanana kwamba majambazi wa shifta wametia sumu majini, akaamini, na tangu hapo hajanywa hata tone katika joto hili. Leo asubuhi midomo imempasuka na hawezi kusimama. Nimekunywa vikombe viwili mbele yake. Akanikazia macho: "Ngoja kwanza tuone kama utakufa."

Nimemwacha kwa jirani, Saynab. Ukirudi kutoka sokoni mbembeleze anywe, kijiko kimoja kimoja, utie sukari na chumvi kidogo.

Nakwenda kumwita daktari, ng'ambo ya kizuizi cha askari. ~~Siogopi.~~ Naogopa kidogo. Nisiporudi kabla ya saa nane, mwambie Kanana ni askari walionizuia, si maji.

Kifungua mimba wako,
Mutwiri