Mashine ya Mtu wa Safari

Turi, Molo
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa Kabiru, mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Kabla hujasalimiwa, ukemewe. Mtu mzima mwenye akili, aliyesomeshwa kwa viazi vilivyobebwa na mgongo huu wangu, anawezaje kununua kitu cha kazi bila kumwuliza mwenye kazi hufanyaje kazi yake? Kaa na hilo kwanza.

Sasa nakusalimu. U mzima? Unakula? Cheptoo, yule nesi, ameniambia huko Doha jua linapika mtu barabarani, na mkiingia ndani mnalala chini ya mashine ya baridi. Funika kifua. Mimi niko sawa, ila goti la kushoto, ambalo halijawahi kunipenda. Sakitu ya Januari, ile barafu ya alfajiri, iliunguza viazi vyote vya mapema. Ng'ombe amezaa ndama jike. Shamba limelimwa, tunangoja mvua.

Najua utashangaa kuona barua. Naiandika kwa mkono wangu, kwa Kiswahili cha gumbaru, lile darasa la watu wazima, kwa maana ndicho tulichofundishiwa kuandika. Simu yangu ni kabambe, ile ndogo ya vibonye, na meseji zake husomwa na dada yako Kui kabla yangu. Nawe ukipiga ile simu ya kuonana siku ya Jumapili, nyumba nzima hukaa mbele yake kama tunapigwa picha ya harusi. Neno hili halisemeki hapo. Ndiyo maana barua nimempa Cheptoo, yule nesi wa kwa jirani, anayerudi huko kesho kutwa, nikamwambia akifungua mdomo kwa mtu nitajua.

Ni juu ya ile laptop uliyomletea dada yako Desemba.

Nitaanza na wema wake usije ukasema shosho haoni mazuri. Ni nyepesi. Kui huibeba kwa vidole viwili kama chapati. Ile nene ya zamani ilikuwa ikinguruma kama posho mill ya kusaga mahindi na paka alikuwa akilala nyuma yake aote moto. Hii hata huisikii. Na stima ilipopotea siku mbili kwa sababu ya transfoma, hii ilifanya kazi kutoka asubuhi hadi ng'ombe wakakamuliwa jioni. Hayo nimeyaona kwa macho yangu.

Lakini ina matundu mawili. Mawili, Kabiru, madogo kama tundu la kifungo, yote upande mmoja, na moja ni la chaja. Kazi ya dada yako unaijua ama huijui? Anatengeneza programu za mazishi na za harusi, zile karatasi za ratiba na picha, katika kile chumba cha kando ya barabara. Watu humletea picha kwenye flash, zile flash za kila mtu. Printa ina waya wake. Kile kipanya cha mkononi kina waya wake. Ile nene ilikuwa na matundu pande zote, kila kitu na mlango wake. Hii ni kama mtu ambaye akila hawezi kuongea, na akiongea hawezi kula.

Alienda Nakuru akanunua adapta, kidude chenye chuchu nne kama kiwele. Unakichomeka kwenye tundu, halafu flash na printa na vingine vinanyonya hapo. Kikifanya kazi kidogo kinapata moto hata ungechemshia yai. Kijana wa dukani alimwambia siku hizi hakuna haja ya waya, kila kitu kinapita hewani. Mwambie huyo hewa ya Turi inapitisha ukungu, basi.

Sasa sikiliza. Mwezi jana tulimzika Mzee Nderitu, yule aliyekuwa akicheza draughts na babu yako. Mjane wake alimletea Kui flash Jumatano, mazishi yakiwa Ijumaa. Alhamisi mchana ile adapta ikafa, na flash ikiwa ndani yake. Flash ikafa nayo. Kui aliipeleka kwa mafundi wawili, wakaitazama wakamrudishia. Humo mlikuwa na picha za Nderitu kijana, amesimama kando ya treni Nakuru na kofia yake, ambazo hazikuwa popote pengine. Ilibidi Kui atume maneno tu bila picha kwa simu mpaka saiba ya Molo, kwenye kompyuta za kulipia, yakachapishwa huko.

Ukaribishwe mazishini basi. Programu zimegawiwa, na mahali pa uso wa marehemu pana msalaba mdogo. Mjane aliigeuza yake mbele, akaigeuza nyuma. Hakupiga kelele. Alimwangalia Kui akasema, "Mwanangu, mzee wangu hana uso?"

Mimi ninayesema katika kila mazishi ya kata hii niliangalia viatu vyangu. Mama wa watu aliikunja mara nne, akaitia mkobani, akaendelea kulia taratibu.

Tangu siku hiyo familia tatu zimepita mlango wetu zikaenda saiba. Kui amenunua adapta nyingine, lakini haiamini. Akiingiza flash ya mtu anaweka mkono mmoja juu ya ile flash kama anayepima homa ya mtoto. Na wewe ukipiga simu anaipangusa laptop, anaifungua nyuma yake uione, na kucheka anacheka. Unamwuliza inaendeleaje, anasema poa sana. Ingekuwa imevunjika tungeiweka chini tukaomboleza. Ni nzima, inang'aa, na imetufunga midomo sote.

Kuna jambo moja limebaki. Kanisa letu linatimiza miaka hamsini, na kitabu cha kumbukumbu kinatakiwa kiwe tayari Jumapili ya Matawi. Picha ziko kwa watu, nyingine kwenye flash, nyingine kwenye zile CD, sahani za kung'aa za zamani, ambazo hii chapati yako haina hata mahali pa kuzilaza. Kamati ilimpa Kui kazi hiyo kwa sababu mimi niko kwenye kamati na waliniogopa. Akiharibu hiki, anafunga chumba. Ameshauliza nafasi Naivasha kwenye mashamba ya maua. Dada yako, mwenye mkono ule wa kupanga picha, akafunge maua kwenye karatasi mpaka mgongo ushindwe kunyooka. Alidhani sikumsikia akiuliza.

Na dawa iko, tena karibu. Mwalimu Maxwel, anayepanga chumba kwa kina Cate majirani zetu na kufundisha Njoro, ana laptop nene. Ina umri lakini ameitunza, na ina matundu yote, mpaka kile kisahani cha CD kinachochomoka. Yeye hutoka darasa hili akaenda lile, akapanda gari, akashuka, na begi limemkata bega. Alipoiona ya Kui aliishika kama mtoto mchanga. Yuko tayari wabadilishane, kitu kwa kitu. Atangoja mpaka mwisho wa mwezi huu, maana ameanza kutafuta nyingine.

Kui amekataa. Nilimwambia mimi mwenyewe, jikoni, akanijibu bila kiburi, "Shosho, si wewe ulisema?"

Ni kweli nilisema. Nyinyi nyote mmelishwa neno hilo na uji. Kaka yangu alitupatia mtamba tulipohamia hapa. Babu yako akamuuza akanunua mabati. Kaka yangu akaja siku moja kutoka Kuresoi kumwona ng'ombe wake, akaonyeshwa paa. Hakula kwangu tena mpaka alipokufa. Ndipo nikaweka sheria, na babu yako akaipokea kwa aibu yake: zawadi haitoki nyumba hii mpaka aliyeitoa aiachilie kwa kinywa chake. Sasa sheria yangu imenikamata mguu, na siwezi kuivunja mbele ya mtoto niliyemfunza.

Nawe usidhani nakulaumu peke yako ili nijiponye. Ile nene ingekuwa bado hapa, Kui angeirudia siku ile ile. Haipo. Niliitoa mimi. Siku mbili baada ya Krismasi niliibeba nikaipeleka Sunday school bila kumwuliza Kui, ili watu wajue nyumba yangu mimi Wachuka haitumii tena vitu vya kale. Kufikia mwisho wa Januari watoto walikuwa wameinywesha uji. Kui alinisamehe, na hilo ndilo liliuma zaidi. Tena hii yako niliifunga kwa leso nikaipeleka mbele ya kanisa, mchungaji akaiwekea mkono. Nitaambiwa nini ikionekana kwa Maxwel? Wataniambia wanachotaka. Hiyo ni yangu, nitaibeba.

Lako ni hili. Wewe unalala kwenye mabasi ya kampuni, unapita viwanja vya ndege, kila kitu chako kiko mgongoni. Kwako uzito ni adui. Ukanunua mashine ya mtu wa safari, ukampa mtu wa kukaa. Kui haendi popote. Yeye hukaa, na vitu vya watu ndivyo vinamjia, na kila kinachokuja kinataka tundu. Ulimpenda, sikatai. Ulimpenda kwa kipimo chako.

Mama yenu Nakuru hajambo, miguu imepungua kuvimba. Cate anakusalimu, na baba yake pia, ambaye bado anangoja umletee ile redio. Mjane wa Nderitu aliniuliza habari zako Jumapili iliyopita, bila kinyongo, na mimi ndiye nilishindwa kumwangalia. Wasalimie vijana wa kwetu mnaokaa nao huko, waambie kanisa lipo hata Doha wakitafuta.

Mungu wa babu yako akushike mkono unapovuka barabara zao pana, akurudishe Turi ukiwa na meno yako yote na mke.

Agizo nimelihifadhi chini ya jina langu, ili liwe la mwisho machoni pako.

Akupendaye hata mkono ukiwa na fimbo,
Shosho wako, Wachuka

Jumapili ijayo piga simu saa kumi, wote tukiwa tumeketi. Usiulize inaendeleaje. Mwite Kui aje mbele, na umwambie hivi, sisi sote tukisikia: "Mimi Kabiru nimeiachilia, kabadilishe kesho." Ukishasema, nyamaza, umwache alie. Usitaje barua hii.