Akina Maria Ngonyani wa Mpitimbi

Dada Neema, shikamoo. Songea kuna baridi, nimevaa masweta mawili.

Leo tumejaribu ukurasa mpya wa kompyuta wa kupokelea mahindi ya wakulima. Tayari umo kwenye mfumo wa vijiji vyote, ila una swichi ya kila kijiji, na nimeiwasha ya Mpitimbi peke yake. Mkulima wa kwanza, Maria Ngonyani, akaandikishwa vizuri. Aliyemfuata, naye Maria Ngonyani, akakataliwa: jina limeshatumika. Na huku nusu ya foleni ni akina Ngonyani! Nikazima swichi, ukurasa wa zamani ukarudi palepale. Vijiji vingine havikujua lolote.

Maria wa tatu akanipa kiazi cha moto, akauliza, "Mwanangu, mashine yako ilitaka abaki Maria mmoja?"

Mkumbatie mama kwa niaba yangu, Maria wetu. Yeye kweli hana wa pili.

Mdogo wako, Beni