Jalada la Kitabu cha Mama

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini u mzima, kifua hakikusumbui tena na baridi ya huko, na yule bosi wako wa makelele siku hizi anakuacha upumue. Sisi huku hatujambo. Mama miguu inamvimba jioni kwa kukanyaga cherehani, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Jana tu ameniambia napiga pasi kama mtu anayefukuza nzi. Mimi leo nina furaha hata vidole vinanikimbia, kwa hiyo nikiruka neno nivumilie.

Dada, kitabu cha mama kimekwenda chuoni. Ni kile kile cha kukata na kushona mlichokianza nyinyi wawili, yeye akisema huku anakata, wewe ukiandika kwenye kompyuta yako umekalia gunia la mabaki ya vitambaa. Ulipopata kazi na kuondoka mlikuwa mmefika katikati ya sura ya mikono, na unajua alivyolichukua jambo hilo. Alisema umemwachia gauni lenye mkono mmoja. Tangu hapo ukipiga simu unaambiwa ana mteja, hata siku ambazo hakuna mteja wala dalili ya mteja. Kompyuta uliyoniachia nayo aliifunika shuka, akaweka juu yake sanduku la vifungo.

Sasa chuo cha ufundi cha mtaa wa nyuma kinafungua darasa la ushonaji. Walitangaza kwamba wanatafuta mwongozo wa kufundishia, na mwandishi wa mwongozo watakaoupenda ndiye atakayekuwa mwalimu. Mama alipopata habari hiyo alishusha miguu kutoka kwenye cherehani, akaniuliza kama mwalimu hufundisha amesimama au amekaa. Nikamwambia mwalimu hukaa akitaka. Hapo nikajua anaitaka kazi hiyo kuliko atakavyokubali kusema.

Tukaondoa shuka. Yeye akasema, mimi nikaandika: kola, mifuko, zipu, pindo. Kila nilipomkumbusha mikono alinijibu kwamba tuiache kwanza, mikono hushonwa mwisho. Nikaona hayo ni mambo ya mafundi, nikaendelea kuandika. Tulipomaliza pindo nilituma faili nikijiona mtu wa maana sana.

Katibu wa chuo akanirudishia. Alisema kazi inaonekana nzuri ila haina jalada, na hawezi kuiweka mbele ya kamati ikianza tu na “Chukua mkasi”, maana wazee wa watu watadhani wanavamiwa. Alitaka ukurasa wa mbele wenye jina la kitabu, jina la mwandishi na tarehe, na alitaka ukurasa huo umfikie kabla kamati haijakaa kesho yake asubuhi.

Hapo nikapagawa. Jalada la kwanza nililibuni mwenyewe, kila herufi na rangi yake, maua pembeni na mkasi katikati. Mama alilitazama akaniuliza nani anaolewa. La pili nikaweka picha yake akiwa kazini. Akasema ana pini mdomoni, wanafunzi wataona ndivyo inavyotakiwa, halafu wazazi wao waje kumlalamikia. La tatu jina la kitabu lilikuwa kubwa mno hata likakatika ukingoni. Akaniambia nitulie, kwamba kola nzuri haipigi kelele, inakaa tu shingoni na mtu anajua nguo hii imepita kwa fundi. Nikafuta vyote.

Kumbe programu yenyewe ya kuandikia inayo majalada yaliyo tayari, nami nilikuwa nahangaika bure. Unafungua sehemu ya kuingiza vitu, unachagua ukurasa wa jalada, na yanajipanga mbele yako kama vitambaa kwenye rafu za duka. Nilichagua jeupe lenye mstari wa buluu upande wa kushoto. Nikaandika jina la kitabu, na chini yake “Mwongozo kwa Anayeanza”. Tarehe nikaichukua kwenye kalenda. Namba ya ukurasa iling'ang'ania juu ya jalada kama mgeni asiyeaga, nikaihangaikia mpaka ikahamia ukurasa unaofuata. Mama akarudi nyuma hatua kadhaa, akatazama kwa mbali anavyotazama nguo inavyomkaa mteja, akasema hiyo sasa ni nguo ya kutokea. Jina la mwandishi lilikaa chini kabisa kwa herufi ndogo, na hakuna kati yetu aliyelisoma, kwa sababu sote tulilijua. Nikatuma, nikarukaruka mpaka jirani akagonga ukuta.

Kesho yake mchana simu ya mama ikaita. Mikono yake ilikuwa imejaa chaki, nikaipokea na kuiweka kwenye spika. Alikuwa katibu. Alisema kamati imependezwa sana, kwamba toka jalada mtu anaona yuko mikononi mwa fundi, na anaomba kuzungumza na mwandishi. Kisha akataja jina lako, Dada. Jina lako kamili, pamoja na la babu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kompyuta ni yako, ulijiandikisha humo mwenyewe siku ya kwanza, na jalada lile lilichukua jina la mwenye kompyuta na kulipachika mahali pa mwandishi bila hata kuniuliza. Kazi ya mama ilikuwa inakwenda hivi hivi kwa mtu ambaye hayupo, tena ambaye hatajwi mbele yake. Nilitamani kuingia chini ya meza ya kukatia nisitoke.

Mama aliweka chaki chini. Akamwambia katibu kwamba huyo ni binti yake mkubwa, kwamba yeye mama ndiye aliyesema na huyo ndiye aliyeandika. Katibu akacheka, akasema basi aliyesema ndiye wanayemtaka darasani, na aende Jumatatu akaone chumba na cherehani. Ila kamati imegundua jambo moja, sura ya mikono imeishia njiani. Nikafungua mdomo niahidi kwamba tutaimaliza leo leo. Mama akaniwahi. Alisema sura hiyo haikusahaulika, ilikuwa inamsubiri mwandishi wake, na itafika kabla darasa halijaanza.

Dada, nilikaa juu ya lile gunia lako. Muda wote ule nilidhani ni habari ya mpangilio wa kushona, kumbe hakutaka sura ile iandikwe na mtu mwingine. Simu ilipokatika nilikimbilia kompyuta kufuta jina lako niweke lake, akanishika mkono kwa chaki zake zote. Akasema lake liwe juu, la kwako libaki chini yake, na humo ndani ya kompyuta nisiliguse kabisa. Kisha akarudi kwenye cherehani na kuanza kukanyaga. Sindano ikapanda na kushuka, na hakukuwa na kitambaa chini yake.

Nimekuambatanishia faili. Litazame jalada kwanza, usome chini kabisa, halafu ndipo ufungue ndani.

Wasalimie sana wenzako wa nyumba hiyo, na jifunike vizuri ukitoka. Mama naye anakusalimu. Atakupigia Jumapili baada ya chakula cha mchana, yeye mwenyewe, kwa simu yake. Ameniagiza nikuandikie mapema kwa sababu ukiona namba yake ghafla utadhani kuna msiba. Hakuna msiba. Ni ile mikono, kwa hiyo kaa karibu na kompyuta.

Ni mimi mdogo wako,
kitindamimba wa mama na fundi wa majalada