Wivu wa Taulo za Jikoni

Jumapili, jioni. Mawingu tangu asubuhi, na baridi ile ya Julai ambayo huku Riruta hukufanya uanike nguo Jumatatu na kuzianua Alhamisi zikiwa bado na unyevu. Nimejifunga leso mbili na bado natetemeka. Nina uchungu, na chanzo chake kinachekesha: taulo za jikoni.

Ngoja nieleze.

Binti yangu Nyokabi ana miaka kumi na mmoja. Siku za wiki anakaa nami. Jumamosi huenda Parklands kwa babake, anayeishi huko na mke wake mpya, na Jumapili alasiri hurudi. Mke huyo ni Sharon. Nyokabi humwita Anti Sharon, kama tulivyokubaliana. Mimi ninavyomwita sitaandika hapa.

Jumapili iliyopita Nyokabi alikuwa kando ya sinki akikausha vikombe. Akasita. Akakinusa kitambaa.

"Mami, hii inanuka."

Kweli kilinuka. Ni kipande cha fulana kuukuu, na kwa baridi hii hakijakauka sawasawa tangu mwezi uanze. Ningekubali tu, yangeisha. Lakini akaongeza: "Kwa Anti Sharon taulo za jikoni ziko mob. Moja ikilowa unachukua ingine kavu. Na glasi zinang'aa."

Glasi zinang'aa.

Wiki nzima maneno hayo yalinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Nafanya kazi ya mapokezi katika ofisi moja mjini, na kila nilipomkaribisha mteja kwa tabasamu, kichwani nilikuwa kwenye jikoni la Sharon. Sijawahi kulitia mguu, lakini nalijua lote. Nimelijenga mwenyewe: vigae vyeupe, dirisha pana, taulo zimekunjwa moja juu ya nyingine.

Hapa ndipo pa kusema ukweli, basi niuseme. Nina wivu. Si wivu wa mume, huyo nilishamwachia. Lakini mwanangu avutiwe na jikoni la mwanamke mwingine, hapana. Hilo siliwezi.

Ijumaa nikatoka kazini nikaenda moja kwa moja Mtaa wa Biashara, kwenye maduka ya vitambaa.

Mimi si mgeni wa mambo haya. Najua taulo nzuri ya jikoni ni ya pamba tupu, nyepesi, iliyofumwa vidirisha vidirisha, kwa sababu hunywa maji upesi na yenyewe hukauka upesi. Najua ya glasi inafaa iwe bapa, isiyoacha nyuzi. Najua heri kuwa na kadhaa za kawaida za kubadilishana kuliko mbili za fahari. Mwenye duka, mama mmoja mchangamfu, alinitandazia hizo hizo kwenye kaunta.

"Chukua hizi, dada. Hizi ni za kazi."

Nikazisukuma kando. Sikutaka za kazi. Nilitaka za kumshinda Sharon.

Nikachagua nyeupe, nene kama za hotelini, zimetariziwa malimau pembeni. Bei yake siiandiki; mama yangu hupita humu bloguni kusoma. Jana nikazifua kwa dawa ya kulainisha nguo ili zinukie, nikazipiga pasi mpaka zikakauka, nikapigilia msumari mpya karibu na sinki na kuzitundika. Nikarudi nyuma nikazitazama. Nilijiona nimeshinda.

Leo Nyokabi amerudi, tumekula ugali na mayai, nimeosha vyombo na kumpa taulo. Nikajifanya nasugua sufuria, masikio yamesimama.

Alipangusa glasi. Maji yakasambaa tu. Akaigeuza taulo, akajaribu upande wa pili. Nyuzi nyeupe zikabaki zimeng'ang'ania. Aliinua glasi kwenye taa, akaitazama, kisha polepole, akidhani simwoni, akaifuta kwa pindo la sweta yake.

Afadhali angelalamika.

"Mami," akasema kwa sauti ya chini, "ulitia ile dawa ya kulainisha? Kwa Anti Sharon hawatianga. Inafanya isishike maji."

"Basi hamia kwa Anti Sharon!" Nilisikia sauti yangu ikigonga ukuta na kurudi. "Nenda ukakaushe glasi zake mpaka uzeeke!"

Akaiweka glasi chini kwa uangalifu. Machozi yakaanza kumtiririka bila sauti.

"Si Anti Sharon," akasema.

"Nini si Anti Sharon?"

"Ni Baba. Ni Baba hununua hizo taulo. Jumamosi yeye anaosha vyombo, mimi nakausha. Anti Sharon hata hayuko, anaendanga kazi."

"Mbona hukuniambia ni Baba?"

"Nikisema Baba unanyamaza. Unanyamaza mpaka kesho yake."

Nikaketi kwenye stuli.

Mwanamume yule! Tulipokuwa tukiishi Mutuini, kwenye shamba la kwao, aliinua miguu ili nipige deki chini ya kiti chake. Kikombe alichonywea chai kilibaki pale pale sakafuni mpaka nije nikiokote, hata nilipokuwa na mimba ya huyu mtoto na kuinama ni kazi. Nilimwomba. Nilimbembeleza. Nilimgombeza. Jibu likawa lile lile, kwamba kwao mwanamume haingii jikoni.

Leo anasimama kwenye sinki na binti yake. Anajua kinachoharibu taulo.

Nani alimfundisha? Sharon alimwambia kwa maneno gani ambayo mimi sikuyajua? Au hakumwambia lolote, akainuka tu mwenyewe, kwa sababu ni yeye, si mimi?

Niliandika hapo juu kwamba nilishamwachia. Sifuti. Mstari ukae hapo, nione nilivyojidanganya.

Kisha nikamtazama mtoto. Kumbe muda wote huu amekuwa akimficha babake nyuma ya jina la mwanamke nisiyempenda, kwa kuwa ameona jina hilo linaniuma kidogo kuliko la babake. Amepima peke yake, akachagua, na hakuna aliyemsaidia.

"Nisamehe," nikamwambia. "Sitaki uhame."

"Sihami," akasema, akijipangusa pua kwa mkono.

Nikamvuta karibu. Nikavuta pumzi. "Huwa mnaongea nini, wewe na Baba, mkiosha vyombo?"

Akanikagua usoni. Alikuwa akitafuta mtego, naapa. Nikangoja.

"Anaimbanga," akasema hatimaye. "Vibaya sana."

"Halafu?"

"Jana alivunja sahani ya Anti Sharon. Ile ya wageni. Tukaficha vipande chini kabisa ya takataka."

Nikacheka. Sikutarajia, kikanitoka tu kicheko, naye akacheka huku machozi hayajakauka. Halafu wivu ukanichoma tena, papo hapo, kwa sababu akilini nilimwona babake akiwa ameinama kwenye ndoo ya takataka na binti yetu, wakicheka, na mimi sipo.

Sikunyamaza. Nikauliza, "Halafu?"

Akasimulia. Jinsi babake anavyomwaga maji mpaka soksi zake zinalowa. Anavyomuuliza maswali ya hesabu na kukosea majibu mwenyewe. Baba hivi, Baba vile, neno limefunguliwa mlango na linapita mbio. Kila lilipopita liliniparuza. Niliuma meno nikauliza tena.

Jumamosi ataenda. Jumapili atarudi na mengine. Je, nitaweza kuyasikia? Sijui. Leo nimeweza, na amelala bado ana ya kusimulia.